Bei ya Maman Ntabaza

Kidole kilichoandika mbili na nusu mahali pa mbili ni hiki changu cha kulia, cha shahada, kile kile ninachokiinua kwenye swala mara tano kwa siku. Kingekuwa cha kushoto ningepata pa kujitetea.

Mjukuu wangu Ingabire ana karakana ya ushonaji hapa Kamembe, nyuma ya soko. Ina vyerehani vinne na wasichana watatu. Cherehani cha nne ni changu, na siku hizi kinachokikalia ni vumbi. Mwaka jana Ingabire akafungua duka kwenye simu. Usiniulize liko wapi. Halina mlango wala mtu wa kukuambia karibu, ila picha za nguo zimo, na chini ya kila picha bei.

Mwanzoni bei zilikuwa za faranga za Rwanda tu. Watu wa Bukavu, hapo ng'ambo ya mto, wakawa wanaangalia na kwenda zao. Ingabire akasema, "Bibi, mtu akiona bei ya pesa ambayo hana mfukoni, anaona nguo yenyewe si yake." Akamlipa fundi wa kompyuta wa Kigali, naye akalitia duka akili ya mwenye nyumba: linatazama simu yako imeshika mtandao wa nchi gani, kisha linakutajia bei kwa pesa ya kwenu. Aliye Kamembe anaona faranga zetu. Ndugu zetu walioko Brussels wanaona euro. Wa Bukavu anaona faranga za Kongo.

Euro ilijipanga yenyewe. Iliyosumbua ni ya Kongo, kwa sababu kima cha kubadilishia pesa kinachosemwa na kompyuta sicho kinachosemwa mpakani, na sisi wa hapa tunafuata cha mpakani. Ikabidi kila asubuhi mtu akiandike kwa mkono. Mtu huyo nikawa mimi. Nikishamaliza chai nampigia Wenceslas, kambisti anayebadilisha pesa pale mpakani, Rusizi ya Kwanza, tangu ana nywele.

"Wenceslas, leo imeamkaje?"

"Mama, imeamka mbili."

Yaani faranga moja ya kwetu kwa mbili za Kongo. Naandika mbili, nabonyeza, na bei zote za upande ule zinabadilika. Ingabire hawezi kuziona, maana simu yake inalala na kuamka Kamembe. Ananiamini. Kazi yangu ya pili ilikuwa kuwajibu wateja wa Bukavu, kwa kuwa Kiswahili chao nakijua hadi matusi.

Na hao wateja kila mmoja aliandika neno moja: punguza.

Ingabire alikuwa ameandika juu kabisa ya duka, kwa herufi nene: BEI UNAYOIONA NDIYO BEI. Nikawa nawajibu hivyo, nao wananyamaza, hawarudi tena. Mimi niliuza vitenge soko la Kadutu, kule Bukavu, miaka kumi na tisa, nawajua. Bei ya soko inakuwa na mkia. Muuzaji anauacha mrefu, mnunuzi anaukata, na kila mmoja anarudi nyumbani akisema leo nimemweza. Ukimpa mtu bei isiyo na mkia umemwambia hana ulimi. Sasa kile kiduka cha mjukuu wangu kilikuwa kinawatukana watu kila siku bila kujua.

Wazo lilinijia nikichambua mchele. Asubuhi ile Wenceslas akasema mbili, mimi nikaandika mbili na nusu.

Siku hiyo hiyo mwanamke mmoja akaniandikia kutoka Bukavu. "Maman, laki moja kwa robe moja? Unataka kunichuna?"

Robe ile, yaani gauni, ni faranga elfu arobaini za kwetu, kwa haki elfu themanini za Kongo. Nikamwambia, "Sema yako, mama."

"Sitini."

"Sitini ni mkono wa kushoto tu. Mkono wa kulia nao utavaa nini?"

Tukaenda hivyo hadi tukafika themanini, pale pale pa haki. Akalipa, akanitumia sauti yake akicheka na kupiga makofi. Wiki mbili tukauza robe tisa, zote hivyo. Ingabire alipata bei yake kamili, mteja akapata ushindi wake, mimi nikapata mtu wa kuchezea ulimi. "Bibi, una mkono wa baraka," Ingabire akaniambia. Nikaupokea huo mkono wa baraka na kuuweka mapajani kama mwali.

Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba angetokea mtu ambaye hatapunguziwa kwa sababu hataomba.

Ijumaa moja Ingabire akaja mbio na simu. "Bibi! Tenue sita, sare za kitenge kimoja, za harusi, na amelipa zote kabla ya kushonwa!" Kisha akakunja uso. "Ila ametuma laki nne na nusu. Tenue moja ni elfu thelathini za kwetu, sita ni laki na themanini. Za Kongo ni laki tatu na sitini. Elfu tisini zimezidi."

"Nani huyo?" nikauliza.

"Ntabaza. Jina linasema Maman Ntabaza."



Maman Ntabaza alikuwa na meza Kadutu ubavuni mwa yangu. Mimi vitenge, yeye sambaza wakavu, vile visamaki vya ziwani. Alipokufa mume wangu, baba yake mwanangu Zuberi, nikakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani, sivuki kizingiti. Ntabaza ni Mkatoliki, eda haijui, lakini kesho yake alikuja akabeba mzigo wangu wa vitenge kichwani, akauweka juu ya meza yake pembeni ya samaki. Aliniuzia miezi minne na siku kumi. Kila jioni alikuja kuniwekea pesa juu ya mkeka na kunisimulia nani alipunguziwa na nani alikasirika. Vitenge vyangu vilinuka sambaza, pesa haikupungua hata moja. Nilipotoka nikataka kumpa doti mbili, akakataa. "Meza yetu ni moja," akasema, "ina tu miguu minane."

Huyo ndiye niliyemwekea mkia.

"Bibi," Ingabire akauliza, "Wewe leo uliandika ngapi?"

Hapo ningesema. Mdomo ulikuwa wangu, na mjukuu ni wangu. Badala yake nikasema, "Nimeandika aliyoniambia Wenceslas. Labda alinisomea vibaya. Macho yake siku hizi..."

"Basi kesho tumuulize kambisti mwingine," Ingabire akasema. "Na huyu mama arudishiwe pesa yake leo."

"Nitampelekea mwenyewe, pamoja na nguo," nikasema. "Ni mtu wangu."

Wiki mbili za kushona nikawa mtu mzuri kupita kiasi. Nilifuta hadi vumbi la cherehani changu, nikapinda mikono ya tenue zote sita. Kima nikakiandika kama kilivyo, na wateja wa Bukavu wakarudia kuandika punguza, wakarudia kunyamaza. Ilikuwa haki yangu. Usiku nilijipangia maneno: nitamwambia mashine ilikosea. Ama nitasema ni harusi, hizi elfu tisini nimekutunza. Kila neno lilikuwa zuri na hakuna lililokuwa kweli.

Mwishowe nikapata ujanja ulio bora kuliko yote. Ningekwenda Jumamosi. Jumamosi Ntabaza hakosi sokoni, hata akiwa na homa. Ningemkuta mkwe wake nyumbani, nimwachie mzigo, na zile elfu tisini ningezishona kwa nyuzi nyepesi ndani ya pindo la tenue ya Ntabaza mwenyewe. Siku ya harusi angezikuta, angefikiri ni mzaha wangu, angecheka, na mimi ningekuwa mbali, Kamembe, nikiwa bado mtu mwema.

Nilishuka na pikipiki hadi Rusizi ya Kwanza, mzigo mapajani. Wenceslas alikuwa amekaa na mafungu yake ya noti.

"Mama," akasema, hakusimama kama kawaida yake. "Mjukuu wako amemwambia Valens, huyu kambisti mwenzangu, kwamba mimi nasoma vibaya. Miaka ishirini hapa, sijawahi kusoma vibaya. Sasa na wengine wananiuliza kama nimekuwa kipofu."

"Tutaongea nikirudi, baba."

"Nilikukosea?"

"Nikirudi, nimesema."

Nikachukua jeto, ile karatasi ya siku moja, nikavuka daraja nikitazama mzigo wangu kana kwamba ungeanguka.

Nyumba ya Ntabaza iko kwenye mteremko unaotazama Cyangugu, upande wetu wa mpaka. Ukisimama dirishani unaona kanisa la kwetu na mitumbwi yetu ziwani. Nilibisha. Mlango ukafunguliwa na Ntabaza mwenyewe, kitambaa kichwani, bakuli la maharage mkononi.

"Aaa! Maman Zuberi! Umekuya na miguu yako? Si uko mugonjwa?"

"Mgonjwa? Mimi? Na wewe Jumamosi hii unafanya nini nyumbani?"

"Ingia kwanza. Kaa. Usisimame hivi, utaanguka." Akanishika kiwiko kama yai, akanikalisha. "Nachambua maharage. Kazi ingine sina. Meza niliikodisha."

"Meza gani?"

"Kwani niko na ngapi? Ile ya Kadutu. Kuna maman mumoja anauzishaka sabuni, alikuwa anaitaka siku mingi. Amelipa miezi tatu mara moja."

Nikamwangalia. Ile meza hakuikodisha alipojifungua. Hakuikodisha soko lilipoungua, alikaa juu ya majivu na kuuza. "Kwa nini, Ntabaza?"

"Si juu ya zile nguo zenu." Akacheka. "Pesa ya harusi ilikuwa imefika laki tatu na sitini. Tisini ikakosa. Nikasema, meza ipumuzike kidogo, na mimi nipumuzike."

"Bei ilikuwa kubwa, na hukuniambia punguza? Wewe? Wewe uliyemwambia padri punguza mbele ya altari?"

Hapo akaacha kucheka. Akachukua simu juu ya kabati. "Kuya, nikuonyeshe kitu. Polepole."

Tukaenda dirishani. Akafungua lile duka la Ingabire, akanionyesha tenue. Chini yake: elfu thelathini, faranga za Rwanda. "Hapa rezo, mutandao, iko ya kwenu," akasema, "inatoka kule ku mulima wa Cyangugu." Kisha akanishika mkono tukapita chumbani hadi jikoni, kwenye giza la masufuria, akafungua tena. Bei sasa ilikuwa ya faranga za Kongo. "Hapa rezo iko ya kwetu. Leo naona inasema sitini. Ile siku ilisema sabini na tano."

Nikaangalia masufuria.

"Mi sikusoma sana, lakini kuhesabu, hiyo najua. Nikaenda ku dirisha, nikarudi jikoni. Nikaenda tena. Mukwe wangu akafikiri napotewa akili. Bei mbili, nyumba moja. Nikasema: Ntabaza, huyu ni Maman Zuberi. Hawezi kukuibia. Kama ameongeza kitu, iko na shida, na haya inamukataza kuomba. Labda ni ugonjwa. Bazee kama siye, ni ugonjwa tu." Akainua mabega. "Sasa nani anapatanaka bei na muntu mwenye shida? Nikalipa."

Na mimi nikakohoa.

Mungu anisamehe, nilikohoa. Hakuna aliyenituma. Mlango wa kutokea ulikuwa mbele yangu, mpana, ameufungua mwenyewe: nilikuwa mgonjwa, dada, asante, umeniokoa. Kifua changu kikaingia kabla yangu.

"Unaona?" Ntabaza akasema. Akainama chini ya kitanda, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha kichwa. "Hii nilikuwa natafuta nani akupelekee. Ni kidogo tu. Ya dawa. Ngoja nikupikie tangawizi." Akaenda kuwasha makaa, mgongo wake umepinda kuliko nilivyoukumbuka, na kile kifurushi kikabaki juu ya magoti yangu. Hakikuwa kizito. 

"Ntabaza, zima moto."

"Nini?"

"Zima moto. Mimi si mgonjwa. Sina shida yoyote. Nakula mara tatu kwa siku, na katikati naiba karanga za Ingabire."

Akageuka na kijiko mkononi.

Nikamwambia yote. Kima cha Wenceslas, kidole changu, mkia wa bei, robe tisa na vicheko vyake. Nikamwambia nilivyomsingizia Wenceslas. Nikatoa ile tenue yake kwenye mzigo, nikafumua pindo mbele yake kwa meno, noti zikaangukia sakafuni, nikamwambia hata hizi nilitaka kukuletea kama mwizi anavyorudisha kuku, kwa dirisha. "Nilitaka watu wapate kupatana," nikasema. "Kama kule Kadutu. Nilifikiri kila mtu ataniambia punguza."

Alirudi kwenye kigoda chake, akachukua bakuli. Akachambua maharage, mabovu huku, mazima huku. Nilihesabu mabovu kumi na moja. 

Kisha, bila kuinua macho: "Laki ine na nusu ni ghali."

"Ndiyo."

"Punguza."

"Laki tatu na sitini. Hiyo ndiyo bei yenyewe, nakuapia."

"Unaniapia na kidole gani?" Akatupa harage bovu. "Punguza."

"Ntabaza, hiyo bei ni ya Ingabire, mimi..."

"Sikuongea na Ingabire. Punguza."

Nikasema laki tatu na arobaini. Ishirini ningezilipa mimi. Akasema punguza. Nikasema tatu na ishirini. Akasema naona hujui kuuza. Nikasema laki tatu, sitini juu yangu, na sina nyingine hadi Zuberi atume.  Ndivyo tulivyokuwa tunafanya zamani kwa kucheza, meza kwa meza, siku isiyo na wateja. Safari hii mmoja wetu tu ndiye aliyekuwa na deni.

"Pesa yako sitaki," akasema mwishowe. "Tisini zangu utaacha hapa, ni zangu. Lakini yule wa sabuni amelipa miezi tatu, hatatoka. Nilimuomba jana tu, akakataa. Na mi niko na magunia ine ya sambaza kwenye stoo, itaoza." Sasa ndipo akaniangalia. "Utaniuzishia. Kule kwenu. Bei ni ile nitakusemea. Usiongeze, usipunguze."

"Miezi mitatu?"

"Mi niliuzisha ine na siku kumi."

Aliniachia kile kifurushi cha pesa ya dawa? Hapana, alikichukua, akakirudisha chini ya kitanda. Kisha akaninywesha tangawizi, maana maji yalikuwa yameshachemka.

Niliporudi darajani na gunia la kwanza kwenye mkokoteni, nilisimama mbele ya Wenceslas nikasema kwa sauti, wenzake wote wakisikia, kwamba macho yake ni mazima na mwongo ni mimi. Alihesabu noti zake hadi mwisho wa fungu ndipo akasema, "Nimesikia, Mama." Siku hizi anasimama ninapopita, lakini salamu yake imekuwa fupi.

Ingabire hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniambia, "Bibi, bei ile ilikuwa na jina langu juu yake," akaichukua simu. Sasa anaandika kima mwenyewe, anapokea za Bukavu mwenyewe, na wateja wakisema punguza anawajibu kwa adabu kuliko mimi. Wengine wananunua. Wengine wanakwenda zao.

Mimi nakaa mlangoni kwetu na beseni la sambaza na kopo la kupimia. Ntabaza ananitajia bei kila asubuhi kwa simu, na ndiyo ninayouza. Wanawake wa Kamembe wananijia.

"Mama, punguza kidogo."

"Haipungui."

"Hata faranga hamsini?"

"Hata moja."

"Huyu mzee amekuwaje? Si ndiye aliyekuwa akituchekesha?" Wananuna, wananisonya, mmoja ameniita kompyuta. Nimeyataka mwenyewe.

Kila jioni natuma pesa ng'ambo. Zamani Ntabaza angenijibu kwa sauti ndefu, na kicheko na habari za majirani. Sasa anaandika neno moja: nimepata. Juzi tu ndipo aliongeza la pili. Aliandika: nimepata, kula. Nimelisoma hilo neno mara nyingi, na sijui kama ni msamaha au ni kwa vile amezoea kunilisha.

Bado siku thelathini na nane. Nanawa kwa sabuni, nanawa kwa ndimu, natia udhu. Nikikaa kwenye mkeka na kuinua kidole, kinanuka sambaza.